Wachoraji Wote Walichunga Mbuzi

Katika maandishi ya Kritiki hakuna mchoraji wa Bujumbura ambaye hakuchunga mbuzi. Wote walichunga. Walichunga wakiwa wadogo, wakachora kwa mkaa juu ya mwamba, na siku moja akapita padri kwa pikipiki, akasimama, akashangaa, akasema mtoto huyu apelekwe shule. Hata yule mchoraji wa mabango aliyezaliwa Jabe nyuma ya soko, mahali ambapo mbuzi huonekana akiwa tayari brosheti, yaani mishkaki, naye alichunga. Nilimuuliza Kritiki siku moja, huyo bwana alichungia wapi? Akanitazama kwa huruma.

"Mama Neema," akasema, "we ni mutu wa rangi. Mambo ya historia mutuachie sisi."

Hao "sisi" walikuwa yeye peke yake. Kritiki ni jina tulilompa wachoraji na wachongaji, kwa Kifaransa chetu cha mtaani, nami sitamwita lingine. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, akastaafu, na kwa kuwa mjini hapakuwa na mwingine mwenye hamu ya kuandika juu ya picha na sanamu, kazi ikamwangukia. Kwa miaka mingi, ukitaka kujua nani alichora ukuta wa kanisa gani, nani alichonga msalaba wa parokia gani, nani alimfundisha nani, ilibidi upitie kwenye karatasi zake. Sisemi zilikuwa karatasi za kweli. Nasema hapakuwa na nyingine.

Lazima nieleze zilivyopatikana. Kwetu mtu akifa, msiba hauishi siku ya kuzika. Muda ukipita, mara nyingi mwaka, familia inaita watu waje kuganduka, yaani kuondoa kilio: misa asubuhi, kisha ukumbi, viti vya plastiki, vinywaji na hotuba. Anasimama mtu anasoma maisha ya marehemu, na maisha hayo yanasomwa kwa adabu yake. Yanasifiwa tu, na hakuna anayenyanyuka kusema si hivyo. Ukisema si hivyo umemfukua maiti mbele ya wakwe. Basi familia za wachoraji ziligundua kwamba Kritiki anaongea vizuri, anajua kunyamaza mahali pa kulia, na hana haraka. Kila msanii akifa, anaitwa yeye. Anaandika, anasoma, watu wanafuta machozi, halafu karatasi inapigwa chapa, inaingizwa katika jalada pamoja na wenzake, na jalada linawekwa katika maktaba ya kituo cha utamaduni. Hivyo ndivyo historia ya sanaa ya mji huu ilivyoandikwa, kwenye sherehe ambazo ni mwiko kubisha.

Ndiyo maana aliandika juu ya wafu tu. Sisi tulio hai alitusalimia vizuri, alitununulia chai, lakini machoni pake tulikuwa bado hatujakamilika. Ukimwonyesha picha mpya alisema, "Ni nzuri, ni nzuri, tutaona," na ukabaki unajiuliza tutaona lini, na wewe utakuwepo au hutakuwepo.

Kuangalia picha kwenyewe hakukupenda. Kwenye ufunguzi wa maonyesho alifika hotuba zimeshaanza, akavuta kiti, akakaa mgongo kwenye picha na uso kwa watu. Watu walidhani ni uzee wa macho. Alikuwa anaona mpaka bei iliyoandikwa chini ya chupa. "Picha itaniambia nini ambacho mujane hajaniambia vizuri zaidi?" alinijibu. Kwa wajane alikuwa hodari kweli. Alikaa nao jikoni, akachambua maharage pamoja nao, akauliza: alikuwa analia? Alipenda kula nini? Aliota ndoto? Kuhusu rangi hakuuliza, na hata angeuliza asingeelewa jibu, maana hakuweza kutofautisha rangi ya mafuta na rangi ya maji hata ukimpaka kwenye koti. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, kila mfuko na kalamu yake, na nadhani zaidi ya nusu hazikuandika.

Kuna mchoraji ambaye kwenye maandishi yake alipitia kitu kinachoitwa Kipindi cha Kijani. Kritiki amekieleza kwa kurasa kadhaa: huzuni, uhamisho, nchi iliyopotea, mbingu ambayo imekuwa majani. Mimi nilikuwepo. Mchoraji huyo aliishiwa bluu siku ya Jumamosi, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefungwa, akamaliza anga kwa kijani kilichobaki cha milango ya shule. Kipindi cha Kijani kiliisha Jumatatu duka lilipofunguliwa.

Utaniuliza kwa nini basi nilimpenda mtu huyu. Nilimpenda, na sioni haya kulisema. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mchezo. Alikuwa na nakala za maandishi ya zamani ya mapadri wa kwanza na ya wakubwa wa ukoloni, walioelezea makanisa yao na mapambo yake. Alizisoma kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Mahali fulani wameandika juu ya sanamu ya Bikira Maria iliyochongwa kwa ajili ya misheni moja ya milimani. Wameandika aina ya mti, urefu, askofu aliyeibariki na mvua iliyonyesha siku ile. Na aliyechonga? "Mwenyeji mmoja mwenye ustadi." Basi.

"Mwenyeji mumoja!" Kritiki alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Na punda wa padri? Angalia apa, Mama Neema, ukurasa uleule. Punda iko na jina!"

Kweli punda alikuwa na jina. Jina la mtakatifu, tena. Kritiki alipanda milima hiyo miaka na miaka, kwa mabasi, kwa miguu, akiuliza vikongwe nani alichonga sanamu ile, na mwisho akarudi na jina la mtu. Alitusomea katika baa moja ya Jabe mchana, mbele ya mafundi magari waliokuwa wanangoja mechi, na alipofika kwenye jina sauti ikakatika, akalia wazi. Nami nililia. Jinsi alivyolipata hakusema. Sikumuuliza, na siku hizi naona ni vizuri sikuuliza.

Tangu hapo alikuwa na usemi wake, ambao alituimbia mpaka tukauchoka: "Jina la makosa linaweza kusahihishwa. Pale pasipo na jina utasahihisha nini?" Tulikuwa tunaitikia kwa kichwa na kuagiza bia nyingine.

Sasa nifike kwa Deo. Mimi na Deo tulichangia chumba kimoja cha kazi Jabe, nyuma ya gereji ya mume wangu. Deo alichora mabango ya saluni na famasi, na sura za mabibi harusi kutoka kwenye simu zao. Mimi nilichora nilichotaka, nikauza kidogo, nikalalamika sana. Mwaka mmoja nilichora picha kubwa, juu ya turubai la lori ambalo mume wangu alinipa: wanawake wa Kajaga, ufukweni mwa ziwa, wanachambua ndagala, dagaa wetu wadogo, juu ya nyavu, asubuhi, na ndege wanawaibia. Wa tatu kutoka kushoto, mwenye kitenge chekundu, ni mama yangu. Nilitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, nikiwa msichana, vita ikatutenganisha, na alipokuja kufa sikuwa na picha yake hata moja. Nilimchora kwa kumbukumbu. Ile ndiyo sura yake pekee iliyobaki duniani. Deo alinishikia ngazi na kula karanga zangu.

Picha ikaenda ukumbi wa parokia. Sikutia sahihi, kwa sababu padri aliomba mle ndani lisiandikwe jina lolote isipokuwa la Mungu. Nikakubali. Niliona ni heshima.

Miaka ikapita, Deo akafa kwa ajali ya pikipiki. Kuganduka kwake kukafanyika kwenye ukumbi uleule, na nani asome kama si Kritiki? Alianza na mbuzi. Akaja padri na pikipiki yake. Akaendelea na mabango ya saluni, ambayo aliyaita "masomo juu ya kichwa cha mwanamke." Lakini mabango hayafiki mbali, na niliona kabisa kwamba hotuba inamwishia huku mjane, Mama Divine, bado hajalia. Kritiki akainua macho kutafuta msaada. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake kuangalia ukuta.

"Na ile!" akasema, akinyoosha mkono. "Ile pale! Wanawake wa Kajaga! Aliwachora wiki nzima akiwa na homa, bila kula. Na huyu wa tatu, mwenye nguo nyekundu, ni nani? Ni mukewe mupenzi!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama Divine akalia kwa sauti, akanikumbatia mimi niliyekuwa karibu, na soda yangu ikamwagika mgongoni mwake. Mume wangu alinitazama kutoka upande wa wanaume, nyusi juu. Ningefanya nini? Nimwambie mjane, siku ya kuondoa kilio, mbele ya wakwe zake, kwamba yule si wewe? Nikapiga makofi na wengine.

Nje nilimkuta Kritiki na brosheti yake. Nikamwambia, "Ile picha ni yangu. Na ule mwanamuke ni mama yangu."

Aliacha kutafuna. "Kweli?"

"Kweli."

"Pole sana," akasema, na alimaanisha. "Lakini we uko muzima, Mama Neema. Yako itakuja, na mi nitaifanya muzuri."

Halafu hotuba ikapigwa chapa ikaingia kwenye jalada.

Ningeliacha hivyo. Lakini akaja Mtafiti. Msichana wa hapahapa, mwenye heshima, amerudi kutoka masomo ya ng'ambo, anaandika kitabu juu ya uchoraji wa Bujumbura na kuandaa maonyesho. Picha ya Kajaga aliichagua kuwekwa mlangoni, ya kwanza kuonekana. Alikuja kwenye chumba changu kuniuliza habari za Deo. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, akanishika mkono.

"Maman, mi nakuamini kabisa. Lakini source, lile jalada, inasema Deo. Kuko na andiko lingine?"

"Kuko mi."

"Ndiyo, Maman. Lakini andiko?"

Alinionyesha kazi yake. Kulikuwa na sura nzima, na ramani, juu ya asili ya kichungaji ya uchoraji wetu. Alikuwa amelinganisha maisha yote kwenye jalada na kuona kwamba bila mbuzi hakuna mchoraji, na alikuwa anakaribia kueleza sababu. "Na we Maman," akauliza akiwa tayari na kalamu, "ulichunga wapi?" Nikamwambia sikuchunga, mama yangu aliuza ndagala Uvira, na mbuzi nawaogopa. Kalamu ikashuka. Niliona usoni mwake kwamba hapo ndipo shaka yake juu yangu ilipoanza.

Jina langu ningeweza kulisamehe. Nimezoea. Lakini chini ya picha ile, mlangoni, mbele ya mji wote, ingeandikwa kwamba mama yangu ni Mama Divine, na baada ya hapo hapangekuwa na mahali popote ambapo mama yangu yupo. Sikulala vizuri wiki ile. Mtafiti alisema kuna mtu mmoja tu ambaye maandishi yake yanaweza kusahihisha maandishi ya Kritiki, na huyo ni Kritiki.

Nikaenda Carama, nyumbani kwa Kritiki. Siku hizo alikuwa ameshachoka, miguu imevimba, anakaa kwenye kiti kati ya matuta ya lengalenga, mchicha wa huku, ya mkwewe na kuwafokea kuku. Nilimbebea sukari na sabuni. Nikamwomba ukurasa mmoja tu, aandike kwamba alikosea.

Alimrushia kuku mmoja kijiti.

"Nikiandika nilikosea pale," akasema, "ule mutoto atauliza, na kwingine? Ataanza na mbuzi. Atafika kwa muchongaji wa ile Bikira Maria. Unajua nilipata majina mangapi kule mulimani?"

"Apana."

"Mawili. Kila ukoo jina lake. Nilichagua." Alijipangusa uso. "Sasa ule muzee iko na jina, iko na wajukuu banafanya misa kila mwaka. Nikikana moja, yote inaanguka, na anarudi kuwa mwenyeji mumoja. We unataka picha moja, mi napoteza watu wangu wote."

"Ni mama yangu," nikamwambia. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Wewe ulilia juu ya mutu hata haujui jina yake kamili. Mi nalia juu ya mama yangu."

Hilo lilimwingia. Akaanza kupapasa mifuko ya kizibao akitafuta kalamu inayoandika.

"Sitakana," akasema hatimaye. "Nitaongeza. Historia inaruhusu kuongeza. Enda nyumbani, Mama Neema. Jina utapata, na mama utapata."

Nilimbusu kichwani. Nilirudi mjini nikiimba kwenye basi, watu wananitazama.

Nyongeza aliituma moja kwa moja kwa Mtafiti, nami sikuisoma. Nilijua tu imefika, kwa sababu Mtafiti alinipigia simu na sauti ya furaha: "Maman! Mbona haukuniambia? Sasa yote inaeleweka!" Nikadhani ni furaha ya mtu aliyepata ukweli.

Siku ya ufunguzi nilivaa kitenge kipya, mume wangu akavaa suti ya harusi ya binti yetu Neema. Kritiki aliletwa na mkwewe, akawekwa mbele kama askofu. Mlangoni ilikuwepo picha yangu, imesafishwa, imewekwa taa, ndagala zinang'aa. Na chini yake, kwa Kifaransa, jina langu. Lote. Na chini ya jina langu, jina la mama yangu, herufi kwa herufi, sawasawa. Niliyasoma majina yote mawili mara ya pili.

Halafu nikasoma yaliyobaki. Kwamba Mama Neema aliichora picha hii kwa machozi, wiki nzima, baada ya mvuvi wa Kajaga aliyempenda kuzama ziwani. Kwamba mtumbwi mtupu ulioko nyuma ya wanawake ni wa mvuvi huyo. Kwamba mchoraji, akiwa mke wa mtu, hakuweza kutia sahihi, na rafiki yake Deo, kwa moyo wa ajabu, alikubali kuibeba picha kwa jina lake mpaka kaburini ili kulinda siri. Kwamba mama wa mchoraji, anayeonekana wa tatu, ndiye pekee aliyejua.

Sikuwahi kumjua mvuvi yeyote. Ule mtumbwi niliuchora kwa sababu pale turubai lilikuwa na kiraka.

Mama Divine alinifikia wa kwanza, macho yamejaa machozi. "Deo wangu," akasema. "Alibeba mzigo wako wote ule, hata mi hakuniambia! Mungu amubariki." Alikuwa na furaha kuliko siku ya kuganduka. Mtafiti naye alikuwa ananizunguka na daftari, akisema sasa anaelewa kwa nini hapakuwa na sahihi, na kwamba jambo hili linafungua sura mpya kabisa.

Nilikwenda kwa Kritiki nikainama sikioni mwake.

"Umenifanyia nini?"

"Ulitaka jina. Jina ile pale," akasema taratibu. "Mama ile pale. Deo hakuiba, mi sikudanganya, mujane anacheka. Niambie nani analia."

"Na muvuvi?"

"Mutumbwi ilikuwa tupu, Mama Neema. Watu bangeuliza." Aliniangalia kwa macho yaliyochoka. Hakukuwa na mzaha ndani yake, na hilo ndilo lililonitisha. "Kama hautaki, mutoto ule pale. Mwambie nimedanganya. Atafuta yote, kuanzia juu mpaka chini. Mi sitakasirika."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya maandishi, anasoma Kifaransa polepole kwa kidole, jinsi anavyosoma karatasi za injini. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akanijia. Hakupandisha sauti, mume wangu hapandishi sauti.

"Mama Neema," akasema. "Huyu muvuvi ni nani?"

Mtafiti alisogea, akafungua kalamu. Mama Divine aliacha kulia ili asikie. Juu ya kichwa cha mume wangu nilimwona mama yangu na kitenge chake chekundu, anachambua ndagala, jina lake chini yake.

"Alikufa zamani," nikasema.

Mtafiti akaandika.